Kutambua Viwanja vya Ndege vya Zamani Mpakani: Busia na Tororo

Watu husema kwamba picha haisemi uongo. Kauli hiyo ni kweli nusu tu. Picha haisemi uongo juu ya mwanga ulioingia katika kamera, lakini mtu anayeandika maelezo chini yake aweza kukosea mahali, mwaka na jina. Kosa la namna hiyo likifanyika juu ya picha ya harusi, hasara yake ni ndogo. Likifanyika juu ya picha ya uwanja wa ndege ulio karibu na mpaka wa nchi mbili, hasara yake yaweza kuwa kubwa. Ukanda wa nyasi uliofyekwa upande mmoja wa mto ukisemwa kuwa upo upande wa pili, au uwanja wa raia ukiitwa kituo cha vita, maneno hayo hupita sokoni, huingia magazetini, na mwisho hufika mezani kwa wakubwa yakiwa yamevaa nguo za ushahidi.

Busia na Tororo ni mahali panapofaa kujifunza jambo hili. Busia ni miji miwili yenye jina moja, mmoja Kenya na mwingine Uganda, iliyotenganishwa na lango la forodha. Kaskazini yake kidogo ipo Malaba, ambapo reli na barabara kuu huvuka mpaka, na magharibi ya Malaba upo mji wa Tororo chini ya jabali lake maarufu. Mpaka wenyewe uliandikwa katika Amri ya Serikali ya Uingereza ya mwaka 1926, na katika sehemu hii hufuata mito na vijito: Sio, Alupe, Malaba na Lwakhakha, hata kufikia Mlima Elgon. Kutoka angani, vijito hivyo huonekana kama nyuzi nyembamba za miti. Mashamba ya muhogo, mtama na pamba yamefanana pande zote mbili. Hakuna rangi inayomwonyesha rubani kwamba hapa ni Kenya na pale ni Uganda.

Kabla ya kusoma picha, inafaa kujua kwa nini viwanja vya ndege vilitengenezwa katika sehemu hizi za Afrika. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Serikali ya Uingereza ilituma wapimaji kutafuta njia ya ndege kutoka Kairo mpaka Cape, na mwaka 1920 ndege za kwanza zilijaribu safari hiyo zikitumia viwanja vilivyofyekwa msituni na nyikani, vikiwamo vya Jinja, Kisumu na Nairobi. Mwaka 1931 shirika la Imperial Airways lilianza kuleta barua hadi Mwanza kwa kupitia Khartoum, Port Bell na Kisumu. Ndege za siku hizo hazikuwa na nguvu nyingi wala hazikuaminika sana, na kwa hiyo ilibidi njiani pawe na viwanja vya dharura ambapo rubani aliyepata matatizo angeweza kutua. Vingi vilikuwa nyasi tupu, vikitunzwa na vibarua wa wilaya.

Kisha vikaja vita vya 1939 hadi 1945. Italia ilipoingia vitani mwezi Juni 1940, Kenya ikawa uwanja wa mapambano. Ndege za Afrika Kusini zilishambulia Moyale tarehe 11 mwezi huo, na siku mbili baadaye ndege za Italia zikaupiga Wajir. Viwanja vya kaskazini kama Lodwar, Wajir na Garissa vikawa vya kivita. Nyuma yake, Eastleigh, Nakuru na Nanyuki vilitumika kwa mafunzo, matengenezo na akiba. Wilaya zilizokuwa mbali na mapigano hazikuhitaji kituo kikubwa. Zilihitaji mahali pa kutua afisa, daktari au barua. Tofauti hii ni muhimu, maana mtu akisikia neno vita hudhani kila uwanja wa wakati ule ulikuwa na mabomu. Sivyo. Uwanja uliotumiwa na jeshi kwa siku moja haukugeuka kuwa kituo cha jeshi.

Sasa, mtu akikabidhiwa picha ya zamani na kuambiwa kwamba ni uwanja wa ndege wa kijeshi, afanye nini? Yapo maswali matatu, na ni lazima yaulizwe kwa utaratibu: kwanza, ni wapi, pili, ni lini, tatu, palitumika kwa kazi gani. Anayeanza na swali la tatu huwa ameshaamua jibu, na baada ya hapo macho yake huona anachotaka kuona.

Swali la mahali hujibiwa kwa vitu visivyohama. Katika picha iliyopigwa na mtu aliyesimama chini, kitu cha kwanza kutazamwa ni upeo wa macho. Jabali la Tororo ni mabaki ya shina la volkano ya kale, nalo limesimama peke yake juu ya tambarare kama mlinzi. Umbo lake hubadilika kadiri mtazamaji anavyolizunguka. Mlima Elgon wenye urefu wa meta 4,321 huonekana upande wa kaskazini mashariki siku isiyo na ukungu. Mtu aliye Busia huwa na Jabali la Tororo upande wa kaskazini, likielekea mashariki kidogo, na vilima vya Samia upande wa kusini. Basi picha ikionyesha jabali likiwa mbele ya Elgon, mpiga picha alisimama kusini magharibi ya jabali. Ikiwa vitu viwili hivyo vimeachana sana, alisimama kwingine. Askari aliyefundishwa kusoma ramani na dira anaijua kazi hii: ni ileile ya kujitafutia mahali kwa kupima alama mbili zinazojulikana.

Picha za kutoka angani ni za namna mbili. Zipo zilizopigwa kwa kuinamisha kamera ubavuni mwa ndege, nazo huonyesha nchi kama mtu aonavyo akiwa juu ya kilima. Zipo pia zilizopigwa kamera ikitazama chini moja kwa moja, nazo hukaribia kuwa ramani. Picha za aina ya pili zilipigwa kwa wingi Afrika Mashariki baada ya vita. Mwaka 1946 Uingereza iliunda Idara ya Upimaji wa Makoloni, na ndege za Lancaster za kikosi cha 82 cha Jeshi la Anga la nchi hiyo zikafanya kazi ya kupiga picha Afrika Magharibi na Mashariki mpaka mwaka 1952. Kazi hiyo ilikuwa ya ramani, si ya upelelezi wa adui. Picha zilipigwa kwa mistari, kila picha ikiingiliana na inayofuata kwa kiasi cha asilimia 60, ili mtazamaji akitumia miwani maalumu aone vilima na mabonde yakiinuka kama yalivyo.

Pembeni mwa filamu ya namna hiyo huwa kuna namba ya safari, tarehe, na mara nyingi picha ndogo ya saa na ya kipimo cha urefu. Hayo ndiyo maandishi ya kwanza kusomwa. Aliyeikata pembe ya picha ili ipendeze kwenye fremu ameondoa cheti chake cha kuzaliwa.

Ipo hatari nyingine. Filamu ikichapishwa kinyume, kushoto huwa kulia. Katika eneo la Tororo kosa hili hugunduliwa kwa reli. Njia kuu huingia kutoka Malaba upande wa mashariki na kuendelea magharibi kuelekea Jinja, na tawi lake huelekea kaskazini kwenda Mbale na Soroti. Mito nayo husaidia: Malaba hutoka Elgon na kuishia upande wa Ziwa Kyoga, na Sio humwaga maji yake Ziwa Viktoria. Picha ambayo kaskazini yake iko juu, lakini reli ya Malaba inaingia kutoka magharibi, imegeuzwa. Ikiwekwa hivyo juu ya ramani, uwanja wa nchi moja waweza kuhamia nchi ya pili bila mtu yeyote kukusudia uovu.

Baada ya mahali kujulikana, huja kipimo. Hapa hesabu ndogo inahitajika. Kipimo cha picha iliyopigwa wima hupatikana kwa kugawa urefu wa ndege juu ya ardhi kwa umbali wa kioo cha kamera hadi kwenye filamu. Kamera yenye umbali wa inchi 6, yaani nusu futi, ikiwa futi 15,000 juu ya ardhi, hutoa picha ya kipimo cha 1 kwa 30,000. Milimeta moja kwenye picha ni meta 30 ardhini, na ukanda wa milimeta 40 ni meta 1,200. Lakini kipimo cha ndege husoma urefu kutoka usawa wa bahari, na nchi ya Tororo yenyewe iko karibu futi 4,000 juu ya bahari. Ndege iliyosoma futi 19,000 ilikuwa futi 15,000 tu juu ya nyumba za watu. Anayesahau jambo hilo atahesabu kipimo cha 1 kwa 38,000, na ukanda uleule utakuwa meta 1,520. Ameongeza meta 320 za uwanja ambazo hazikuwahi kufyekwa, na kwa meta hizo ataweza kudai kwamba ndege kubwa za vita zilitua pale.

Urefu wa nchi una maana nyingine pia. Hewa ya mahali pa juu ni nyepesi, na ndege huhitaji kukimbia zaidi kabla ya kuruka. Kanuni ya wahandisi wa viwanja ni kuongeza asilimia 7 kwa kila meta 300 za mwinuko. Kwa nchi yenye mwinuko wa meta 1,200, nyongeza ni asilimia 28. Ndege inayotosheka na meta 1,000 pwani ya Mombasa itahitaji karibu meta 1,280 katika nchi ya Tororo, kabla hata ya kuhesabu joto. Kwa hiyo ukanda mrefu katika nyanda hizi si dalili kwamba ulikusudiwa ndege kubwa.

Kivuli nacho ni saa na kalenda. Busia na Tororo ziko chini ya digrii moja kaskazini ya Ikweta. Asubuhi vivuli huelekea magharibi, na jioni huelekea mashariki. Saa sita mchana mwezi Juni, jua huwa upande wa kaskazini na vivuli huanguka kusini. Mwezi Desemba huwa kinyume chake. Katika miezi hiyo miwili kivuli cha adhuhuri huwa na urefu usiofika nusu ya urefu wa kitu chenyewe, na karibu na mwisho wa Machi na wa Septemba hukaribia kutoweka. Picha ya adhuhuri iliyoandikwa Juni, yenye vivuli vinavyoelekea kaskazini, ina kosa la tarehe au imegeuzwa juu chini.

Vipo vitu vingi vinavyofanana na uwanja wa ndege: barabara iliyonyooka, uwanja wa mpira, njia ya kuzuia moto, tuta la reli. Barabara hutoka mahali na kwenda mahali; uwanja wa ndege huanza nyikani na kuishia nyikani. Pande zake hazina mitaro ya kina, na miti ya ncha zake mbili hukatwa ili ndege ipate nafasi ya kushuka. Viwanja vya miaka ya 1930 mara nyingi vilikuwa vipana, au vilikuwa na kanda mbili zilizokatana, kwa sababu ndege nyepesi zilipaswa kutua zikiukabili upepo. Vingi vilikuwa na duara jeupe, alama nyeupe za pembe, na mlingoti wenye mfuko wa kuonyesha upepo. Uwanja ukiachwa kwa miaka mingi, changarawe iliyoshindiliwa huendelea kuzuia mizizi. Wakati wa kiangazi nyasi zilizo juu yake hukauka mapema kuliko jirani zake, na mstari ulionyooka hutokea tena. Hata shamba likilimwa, mipaka ya viwanja vya watu mara nyingi hufuata ukingo wa uwanja wa zamani.

Ndipo linakuja swali la tatu: je, ulikuwa wa jeshi? Ndege ya jeshi iliyosimama juu ya nyasi si jibu, maana ndege za jeshi hutua katika viwanja vya raia, na za raia huazimwa na jeshi. Dalili za kweli huwa kandokando. Kituo cha vita huzitawanya ndege zake mbalimbali, kila moja katika kizimba cha udongo, ili bomu moja lisiharibu zote. Ghala za risasi hujengwa mbali na mabweni, zikiachana zenyewe kwa zenyewe. Mafuta hufichwa chini ya miti, lakini nyayo za magari ya mafuta huufichua mficho. Huwa kuna mahandaki ya mizinga ya kupigia ndege, na nyumba za askari katika safu zilizo sawasawa. Penye nyasi, kibanda kimoja na mfuko wa upepo, pana uwanja wa wilaya tu. Uwanja wa Tororo wa leo umo katika orodha ya viwanja vya mikoani vya usafiri wa anga wa kiraia nchini Uganda. Kambi ya jeshi ya Rubongi iko karibu na mji huohuo, lakini ujirani wa kambi na uwanja haumpi mtu ruhusa ya kuviita kitu kimoja.

Kwa upande mwingine, mahali pamoja paweza kuwa pa kiraia na pa jeshi. Entebbe ni mfano. Waisraeli waliposhambulia usiku wa kuamkia tarehe 4 Julai 1976, walikuta hapo jengo la zamani la abiria, jengo jipya, na ndege za kivita za Uganda, vyote katika eneo moja. Anayetazama picha ya Entebbe ya miaka ile na kutoa jibu la neno moja atakuwa amekosea kwa vyovyote.

Tarehe, kama haikuandikwa, hutafutwa kwa kuibana kati ya mambo mawili yanayojulikana. Reli ilifika Tororo katika miaka ya 1920. Kiwanda cha saruji kilijengwa mwanzoni mwa miaka ya 1950. Laini kubwa ya umeme kutoka Owen Falls kupitia Tororo kwenda Kenya ilijengwa mwishoni mwa miaka hiyohiyo. Picha yenye reli lakini isiyo na kiwanda wala nguzo kubwa za umeme mahali pake ni ya kati ya vipindi hivyo. Alama za ndege husaidia pia: ndege yenye nembo ya Kenya haiwezi kuwa ya kabla ya Desemba 1963, wala yenye nembo ya Uganda haiwezi kuwa ya kabla ya Oktoba 1962. Lakini rangi zina mtego. Katika vita, duara la ndege za Afrika Kusini lilikuwa na rangi ya chungwa mahali ambapo la Uingereza lilikuwa na nyekundu, na picha nyeusi na nyeupe haitenganishi rangi hizo kwa urahisi.

Kwa miaka ya baadaye, zipo picha za satelaiti za Marekani za mpango ulioitwa Corona, zilizopigwa kati ya 1960 na 1972 na kuruhusiwa kutazamwa na watu wote kwa amri ya mwaka 1995. Nzuri kati ya hizo huonyesha vitu vya ukubwa wa meta mbili hivi. Zinatosha kuona ukanda na banda. Hazitoshi kusema kwa kiapo kwamba ndege ndogo iliyoonekana kama doa ni ya aina fulani.

Maandishi ya chini ya picha yasiaminiwe bila kupimwa. Neno "Uganda Railway" halimaanishi kwamba picha ilipigwa Uganda, kwani sehemu kubwa ya reli hiyo ilikuwa Kenya. Kabla ya uhuru, sehemu za upande wa Kenya zilihesabiwa katika Jimbo la Nyanza, na upande wa Uganda jina lililotumika ni Bukedi. Wilaya ya Busia nchini Uganda ilikatwa kutoka Tororo mwaka 1997 tu. Barua ya kabla ya mwaka huo inayotaja Tororo yaweza kuwa inasema habari za Busia.

Kwa polisi, picha ni kielelezo kama kisu au hati. Haiandikwi kwa kalamu upande wa mbele, wala haikatwi. Huandikwa katika daftari nani aliileta, lini, na aliipata wapi. Kisha hulinganishwa na ramani ya 1 kwa 50,000 ya pande zote mbili, na matangazo ya gazeti la serikali, vitabu vya safari za marubani, na maneno ya wazee waliofyeka nyasi kwa mikono yao. Wazee waulizwe mmoja mmoja, na wasionyeshwe picha kabla ya kueleza wanachokumbuka. Ushahidi unaotoka njia tatu zisizojuana na kukutana mahali pamoja ndio wenye uzito. Na pale inapothibitika kwamba palikuwa na ghala la risasi au uwanja wa shabaha, wataalamu wa mabomu watangulie kabla ya mkulima kuingiza jembe, maana chuma cha vita hakihesabu miaka.

Mpaka huu umeshaonja uchungu. Mwanzoni mwa Machi 1979 mapigano yalifika Tororo, wakati wapiganaji waliompinga Idi Amin walipokabiliana na jeshi lake. Desemba 1987 risasi zililia Busia kati ya majeshi ya Kenya na Uganda, na wananchi wa pande zote mbili, wenye ukoo mmoja na lugha moja, wakalazimika kukimbiana. Mwaka 2009, ugomvi wa kisiwa cha Migingo ulipopamba moto, serikali mbili zilikubaliana kutuma wapimaji wa pamoja waliotumia maandishi ya 1926. Ndiyo njia ya watu wazima: kupima kwanza, kusema baadaye.

Askari aliye zamu katika lango la Busia, au anayefanya doria kando ya mto Malaba, aweza siku moja kuletewa picha iliyokunjamana na mtu anayesema kwa kishindo kwamba jirani alikuwa na uwanja wa siri wa vita. Wajibu wake ni kuitafuta kaskazini ya picha hiyo, kukipata kipimo chake, kusoma kivuli chake, na kuliuliza jabali lilipo. Akifanya hivyo kwa uaminifu, mara nyingi atagundua kwamba kilichoitwa kituo cha siri kilikuwa ukanda wa nyasi ambapo zamani ndege moja ilileta barua na kuondoka. Na pale atakapogundua kwamba kweli palikuwa na jeshi, atalisema jambo hilo likiwa na mahali pake, mwaka wake na kipimo chake, ili wenye kuamua waamue kwa haki.